Sababu za Kwenda Amu

Wiki iliyopita nilikwenda Tudor kumuaga Mama Mutheu, aliyekuwa mpangaji wa chini katika nyumba ya shangazi yangu nilipokuwa msichana. Umri alikuwa ameula, hakuna aliyeshtuka. Wanawe walipanga viti nje ya fleti yao, wakaimba, wakatupa chai na mkate, na ilipofika mchana gari likamchukua kwenda kwao Ukambani akazikwe. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha plastiki, magoti yananiuma, nikiwatazama wajukuu wakifunga mizigo juu ya gari, na nikahisi uchovu ambao haukuwa wa safari. Kutoka kwangu Kibokoni mpaka Tudor ni mwendo mfupi wa tuktuk. Uchovu wenyewe ni ule wa mtu anayehudhuria misiba yote ya karibu ili asiulizwe ya mbali.

Tukirudi, binti yangu Salma akaniuliza tutakwenda lini Amu. Yeye husema Lamu, kama ramani inavyosema. Nikamwambia angoje kaskazi, bahari itulie na embe ziive. Nikamwambia kama si kaskazi basi Maulidi, maana asiyeona Maulidi ya Amu hajaona Maulidi. Nikaongeza kuwa hata kusi ni kuzuri, kuna baridi tamu ya kutembea. Nilisema mpaka tukaingia Makadara na dereva akapunguza redio ili asikie vizuri. Salma ana adabu, hanikatizi maneno, lakini nilipomaliza alisema kwamba kila mwaka namweleza uzuri wa Amu na mara ya mwisho kuiona alikuwa darasa la nne. Nikageuza uso nikatazama maduka. Kakangu Athmani alifiwa na mke huko mwaka juzi na mpaka leo sijenda kumhani. Nilimpigia simu nikalia, naye akalia, lakini kwetu simu haihani mtu. Kuhani ni kwenda, ukavuka kizingiti cha mfiwa, ukakaa naye chini, ukamshika mkono. Nami nimekaa Mombasa na kaskazi yangu na embe zangu.

Aliyenifunza maneno hayo ni Shangazi Zuhura. Sikuwa nimeyasikia kinywani mwangu mpaka siku ile ya tuktuk, na Wallahi niliona haya. Yeye aliyasema mwaka mzima, ule mwaka mmoja niliokaa naye, nami nikacheka na waliokuwa wakimcheka. Sasa umri wangu umeupita aliokuwa nao wakati ule, na sicheki.

Nililetwa kwake kutoka bara, babangu alikokuwa kazini, nikiwa na miaka kumi na minane nijifunze uhazili katika chuo kimoja cha Ganjoni. Nilifika kusi, mvua za masika zimeshakwisha na kuta za Mji wa Kale bado zina unyevu. Nilipewa chumba cha juu, chenye kitanda cha samadari kilichokuwa kirefu kuliko haja yangu, na dirisha lililotazamana na dirisha la jirani kwa karibu, hata nikijua kabla yao wenyewe kama wali umeungua. Ukutani palikuwa na misumari mitatu ya kutundikia nguo, iliyopigwa juu sana, mahali anapofikia mtu mrefu. Nilimwomba Shangazi nyundo niishushe. Akaniambia niache ilivyo, nitundike kwa kupanda kitandani, na hakueleza. Nilipanda kitandani mwaka mzima kutundika buibui langu. Asubuhi tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi, yeye akiwa ameshakaa na kofia yake mapajani, maana alijitafutia riziki kwa kushona kofia za viua, kazi ya kwao, tundu moja baada ya tundu moja kwa sindano mpaka kofia ijae. Watu wa mjini walizitambua kofia zake wakiziona msikitini. Hakuwa mtu wa kelele. Ukitaka maneno kwake ulizia Amu.

Alasiri wanawake wa mtaani walipanda kuja kunywa kahawa, wakavua viatu chini ya ngazi, na mazungumzo yalipopoa kidogo mmoja wao angemchokoza makusudi kwa kumuuliza, Bi Zuhura, kwenu kuna nini wakati huu? Hapo sindano ilisimama. Kusi, alisema, Amu unaweza kutembea mpaka Shela mchana usitoke jasho, na mahindi mapya yashavuka kutoka mashamba ya bara, yanachomwa ufuoni. Vuli ni mvua za kubembeleza, hazilowanishi mtu, na ni wakati wa harusi, kila usiku ngoma, hujui uende ipi. Kaskazi bahari hulala, watu hulala darini, na embe boribo huanguka uani hata punda huzipita. Maulidi usiseme. Na Ramadhani, iangukie msimu wowote, ni mikate ya mofa na tambi na sahani zinazovuka kichochoro kutoka nyumba hii kwenda ile mpaka hujui umefuturu kwa nani. Wanawake walimeza mate. Mara moja jirani mmoja, hodari wa maneno, alimuuliza na masika je? Shangazi akarudi kwenye kofia yake. Alisema masika mtu hukaa kwake.

Na baada ya sababu za kwenda zilifuata sababu za kutokwenda, kila moja na msimu wake. Kusi bahari ya Mokowe, pale pa kuvukia, ina mawimbi, naye hutapika. Vuli ana kofia za watu za Idi. Kaskazi majangili wako njiani, wanasimamisha mabasi, na kweli walikuwako, siku hizo mabasi yalikwenda na askari, lakini watu walikwenda. Maulidi ya mwaka ule alinunua hata leso za kupeleka zawadi, akazikunja kabatini juu ya leso nyingine ambazo nilizikuta zimekunjwa vivyo hivyo, na zote hazijawahi kukatwa wala kupindwa. Nami nikasafiri kwa mawazo: nilisuka nywele, nilimuaga mwalimu wangu chuoni. Siku mbili kabla ya safari goti lake likavimba. Yule jirani hodari wa maneno akamwambia kwamba basi lake hupakia mdomoni na kushushia mdomoni, na Shangazi akacheka pamoja nao, na goti akalishika.

Jambo ambalo lilinichanganya ni makapu. Kila msimu ukianza, dada yake mkubwa, Bi Rukia, aliyekuwa Amu, alitia kapu ndani ya basi. Lilikuja limeshonwa mdomo kwa ukindu, na mimi ndiye niliyetumwa ofisi ya mabasi kulichukua. Kusi lilikuja na kunde na mahindi, vuli na halua na vileja vya harusi nisiyoijua, kaskazi na embe zilizofungwa moja moja kwa majani makavu ya mgomba. Shangazi hakulifungua hata moja. Alinambia nifungue mimi, nigawe, hiki kwa jirani, hiki kwa Mama Mutheu chini, hiki ukile wewe mwanangu. Kwake hakikubaki kitu. Embe zilimletea tumbo, alisema, halua ilimuuma jino, kunde zilikuwa na gesi. Mimi nilikuwa na njaa ya ujana na sikuuliza. Nilikaa juu ya samadari nikala embe za Bi Rukia mpaka maji yakanichirizika viwikoni, na chini yangu nikimsikia Shangazi akiwasifia wageni utamu wake.

Mama Mutheu wakati huo alikuwa mwanamke mwembamba, mumewe kazini reli, naye akifagia ofisi moja huko Kilindini. Tulimcheka Kiswahili chake, Mungu atusamehe, naye alitucheka sisi kwa kusalimiana robo saa kabla ya kusema jambo. Ikiwa kuna sikukuu ya siku mbili tu utamkuta amefunga mzigo wake anakwenda kwao. Siku moja alipanda juu kuaga, akakuta Shangazi anashona na mimi nakuna nazi. Shangazi akamuuliza kuna nini huko, harusi au mgonjwa? Mama Mutheu akasema hakuna kitu, anaenda tu. Shangazi akasema, kwa upole kabisa, kwamba si bure, lazima liko jambo. Yule mama akasimama na mzigo wake mlangoni, akamtazama kama anayetaka kuelewa.

“Kwani kwenda kwenu inataka sababu?”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza. Shangazi akaweka kofia chini, akasema macho yamechoka, akaniambia nifunge dirisha, na jua bado lilikuwa juu. Siku kadhaa zilizofuata wanawake walikuja kahawa wakamchokoza na hawakupata kitu. Nilidhani amekasirika kwa kujibiwa na mpangaji.

Mwezi ule ule nikapata homa. Haikuwa homa ya kusema homa, ni mafua ya kaskazi na vumbi la Ganjoni, kichwa kizito kidogo. Nilirudi kutoka chuoni mapema nikajilaza. Shangazi aliponigusa shingo akabadilika uso. Alinivuta kutoka kitandani, akanivisha buibui juu chini, yeye mwenyewe akatoka na leso moja tu kichwani, jambo ambalo hajalifanya mwanamke wa makamo yake mtaani kwetu, akasimamisha teksi kwa kugonga boneti kwa kiganja. Hospitali alimshika muuguzi mkono akamwambia ameanza leo, leo hii, hajakaa nayo hata usiku mmoja, andika hapo. Muuguzi akacheka, akanipa vidonge, akamwambia mama huyu ana mafua. Shangazi hakucheka. Njia nzima ya kurudi alinishika paja, akawa anasema Kiamu ambacho alikuwa amezoea kukificha, ndiya badala ya njia, mato badala ya macho. Nilimwogopa kidogo.

Kesho yake sikwenda chuoni. Wale wanawake walipokuja alasiri walijua Shangazi ametoka kwenda dukani, na hawakujua kuwa mimi niko juu, kwa hiyo wakakaa ngazini kumngoja na wakasema waliyokuwa wakiyasema siku zote nisipokuwapo. Mmoja alisema maskini, huyu naye kupata homa katika kitanda kile kile. Mwingine akasema tangu Omari, Bi Zuhura hajapata usingizi. Nikainuka nikakaa. Omari nilimjua kwa jina, mtoto wa pekee wa Bi Rukia, binamu yangu, aliyefariki Mombasa nikiwa mdogo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba alikuwa akikaa pale, katika chumba changu, akifanya kazi ya ukarani bandarini. Alikuwa mrefu. Alishikwa na homa, na Shangazi akampa panadoli na maji ya mwarobaini, na kumwambia alale itapita, kama ambavyo kila mtu alimfanyia kila mtu. Siku tatu. Siku ya nne alimpeleka hospitali, akafa kabla ya adhuhuri, na baada ya alasiri akazikwa, maana kwetu maiti haicheleweshwi. Habari zilipofika Amu kijana alikuwa ameshafukiwa. Mamake hakumwona uso wala kaburi.

Yule jirani hodari wa maneno ndiye aliyesema lile lililonichoma moyo. Alisema kwa sauti ya chini, bila mzaha hata chembe, kwamba mji mzima ulikuja hapa. Siku tatu za matanga walijaa ngazi hii mpaka barazani, wakimshika mkono Bi Zuhura, wakimlilia Bi Zuhura, wakimwombea subira Bi Zuhura. “Alihaniwa yeye,” alisema, “na mwenye mtoto hajahaniwa naye mpaka leo.”

Niwaeleze wasiojua. Kwetu aliyefariki mikononi mwako, wewe ndiye wa kwanza kumwendea mwenye naye. Unakwenda kumsimulia alivyougua, alisema nini, nani alimwosha, nani alimshusha kaburini, ili mwenziwe apate cha kulilia. Shangazi ilibidi aondoke baada ya tatu. Akaugua, na nasadiki aliugua kweli. Ikapita arubaini. Barabara ikakatwa na mafuriko ya Tana. Ukapita mwaka. Na kuhani kukichelewa hakupungui uzito, huongezeka, kwa sababu sasa una mambo mawili ya kueleza, kifo na kuchelewa kwako. Wala huwezi kujitia kusahau. Nyumba ambayo hujaenda kuhani huwezi kuiingia kwa jambo jingine, ukakaa ukauliza embe zi wapi. Kizingiti ni kimoja, na jambo la kwanza la kupita hapo ni lile. Ndipo nikaelewa kwa nini mtu anayeijua Amu tundu kwa tundu kama kofia yake haendi Amu. Sababu zote zile za kwenda zilikuwa za kweli. Alizipanga mbele ya ile moja ili asiione.

Shangazi alisoma Kurani vizuri lakini barua zetu za herufi za kizungu zilimshinda, hivyo mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wake. Mwisho wa kaskazi, baada ya kapu la embe, alinitamkia barua ya shukrani nikaipiga taipu chuoni, kwa mazoezi. Ilisema embe tumezipata na zilikuwa tamu, na kwamba nia ya kuja ipo, ila barabara. Nilipoitoa mashineni niliisoma nikaichukia. Nikachukua kalamu nikaandika chini kwa mkono wangu: Shangazi Rukia, barabara haina neno. Anaogopa kuja kukuhani. Nikaitia gundi kabla moyo haujageuka, nikampa utingo wa basi. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilidhani ukweli ni kama dawa, ukishamezwa kazi yake imekwisha.

Masika ikaingia na kapu halikuja. Kapu la masika huwa la papa mkavu na achari, vitu vya akiba, maana hakuna kibichi. Wiki ya kwanza Shangazi alisema ni mvua. Wiki ya pili akanituma ofisi ya mabasi, nikarudi mkono mtupu nimelowa. Akanituma tena. Karani wa pale akawa ananitambua, akitikisa kichwa kabla sijauliza. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kuonja kunde moja ya dada yake sasa hakula chochote. Alikaa dirishani na kofia isiyosogea, na kila mtu akipanda ngazi alinyanyua shingo. Mimi nilijua, au nilidhani najua: Bi Rukia amesoma maneno yangu, ameona aibu imetiwa kwenye maandishi, amekata undugu. Au ameugua. Au, na hili sikuweza kulifikiria mpaka mwisho, amekufa na hakuna aliyetwambia. Mara ya nne aliponituma nilifika mlangoni nikarudi. Nikamwambia nilichoandika, neno kwa neno, nikiwa nimesimama na viatu mkononi.

Nilingoja kofi. Nilikuwa nimelistahili na ningelipokea kwa raha. Yeye akaniuliza kama niliandika kwa kalamu au kwa mashine. Nikasema kwa kalamu. Akasema ni vizuri, mashine ingekuwa ufidhuli. Akainuka akiegemea ukuta, akafungua kabati, akazitazama zile leso, akalifunga bila kutoa hata moja.

“Nenda kakate tikiti,” alisema. “Mbili.”

Nimefikiri sana juu ya wakati aliouchagua, ingawa sidhani aliuchagua. Masika Amu hakuna kitu. Embe hazipo, ngoma hakuna, bahari imechafuka, majumba yanavuja, na harufu ya kichochoro cha punda kwenye mvua sitaki kuieleza. Juzi nimemwambia Salma atukatie tikiti za Alhamisi, naye akatazama nje, mvua inapiga, akaniuliza kuna nini Amu wakati huu. Nikamwambia hakuna kitu. Alinitazama kama naumwa. Nimechoka, nilitaka kumwambia, nimechoka kuzijua sababu, lakini nikamwambia tu abebe mwavuli. Athmani atatupokea gatini kama naye hajachoka.

Mwaka ule mimi na Shangazi tulisafiri siku nzima. Basi lilizama matopeni baada ya Garsen na wanaume wakashuka kulisukuma, na Shangazi, ambaye goti lake lilikuwa limemzuia Maulidi, alisimama kwenye matope hayo saa nzima bila kulitaja. Mashuani kutoka Mokowe tulifunikwa turubai moja watu wote, na mawimbi yalikuwapo kama alivyosema siku zote, na alitapika kama alivyosema siku zote, akajifuta mdomo akakaa sawa. Kapu hatukuwa nalo, zawadi hatukuwa nayo. Niliona haya kwa niaba yake, kwani mtu wa Amu harudi kwao mikono mitupu, lakini baadaye nikafahamu kwamba zawadi ni za mgeni, na anayekwenda kuhani si mgeni.

Bi Rukia alikuwa hai. Alikuwa ndani, juu ya mkeka, anachagua mchele kwenye ungo karibu na mlango wa uani palipokuwa na mwanga, mzima wa afya, mnene kidogo kuliko dada yake. Tulipoingia hakuinuka na hakusema karibu, wala Shangazi hakusalimu. Alijifunika uso kwa mtandio uliolowa, akapita moja kwa moja, akakaa mkekani, na Bi Rukia akausogeza ungo. Mimi nilibaki mlangoni, maji yakinitoka. Shangazi akamshika dada yake mikono yote miwili.

“Nilimweka siku tatu, dada. Nilimpa mwarobaini. Nilimwambia itapita.”

“Najua,” alisema Bi Rukia. “Homa tu. Mimi ningemweka wiki.”

Shangazi akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kusikia kilio kile na sikukisikia tena, hakikuwa na adabu ya matangani, kilimtoka tumboni, naye Bi Rukia akamwacha alie, hakumnyamazisha, alimshika mikono tu na kutazama mlango wa uani. Baada ya muda akageuza macho kwangu akasema kwa hiyo wewe ndiye mwenye mwandiko ule. Nikaitikia. Akasema alikuwa akipeleka makapu akidhani dada yake amemsahau, ili amkumbuke. Aliposoma kwamba anamwogopa aliona kumbe kila kapu linamsukuma mbali zaidi, akaacha kupeleka. Alisema hakujua kama atakuja. Alisema usiku alijuta, maana huenda angetaka papa.

Kisha akamwambia Shangazi afute uso, na akamuuliza jambo ambalo alikuwa amelingoja miaka yote ile. “Walikuja kina nani?”

Shangazi hakuelewa. Bi Rukia akasema watu wa Mombasa, waliokuja kuhani, nasikia ngazi ilijaa. Walikuja kina nani, walisema nini? Na Shangazi akakumbuka. Ya Rabi, alikumbuka wote. Alianza na imamu na aliyoyasema mlangoni. Akamtaja mzee wa duka la kahawa, aliyesema Omari ndiye kijana pekee aliyemwamkia kwa jina. Akawataja makarani wenzake wa bandarini, waliokuja wamevaa mashati ya kazi, mmoja wao akashindwa kusema akaenda kusimama ngazini. Akamtaja yule jirani wa maneno, ambaye siku hiyo hakuwa na neno. Akamtaja Mkamba mmoja wa chini, mpangaji mgeni, ambaye hakujua Waislamu huambiana nini msibani, akaingia jikoni akaosha vyombo siku zote tatu. Hapo ndipo Bi Rukia alipolia. Alilia kidogo, akauliza jina lake, akalirudia vibaya, akasema endelea. Shangazi akaendelea, mtu kwa mtu, mkono kwa mkono, akimkabidhi kila rambirambi aliyoipokea badala yake, mpaka pakawa na kiza ndani na nikawasha taa bila kuambiwa. Mwishowe akasema hao ndio wote.

“Bado mmoja,” alisema Bi Rukia.

Shangazi akafikiri. Akahesabu tena kwa vidole, akataja watu wa kaburini, akasema hapana, hakumwacha mtu. Bi Rukia hakumsaidia. Alikaa akamngoja, mikono yake mapajani, mitupu. Nami nikiwa na taa nilimwona Shangazi uso wake ukifahamu polepole. Akajisogeza mkekani mpaka magoti yao yakagusana.

“Pole, dada,” alisema. “Pole kwa mwanao.”